Milima Inayokutana

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jioni hapa Arusha. Nimeyaandika yote kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Namaste kwa ndugu zetu Wahindu mlioketi safu ya mbele. Vijana, hamjambo?

Nianze na methali ambayo nyote mmelelewa nayo: milima haikutani, binadamu hukutana. Tunaisema stendi ya mabasi. Tunaisema mtu akihamishwa kikazi. Tunaisema msibani wageni wanapotawanyika. Na tunaisema bila wasiwasi wowote, maana nani amewahi kuuona mlima ukitoka mahali pake?

Jioni hii nawapeleka kwa watu wenye jibu lingine. Wahindu na Wabudha wana milima iliyoruka angani kwa mabawa. Wana mlima uliong'olewa ukafanywa upekecho. Wana mlima uliovushwa bahari ukapelekwa kisiwa cha mbali ili kisiwa kitulie. Kwao mlima mtakatifu haukai tu pale ulipo ukimngoja mwenye miguu imara. Mlima husogea kumfuata mtu. Hilo ndilo neno langu, na yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Na ipo milima inayokutana. Hiyo nimeiweka mwisho.

Kwanza nitoe tata moja. Nikisema Meru, kila mtu humu anageukia dirishani. Meru wetu huu ni wa Wameru, wanaolima kahawa na migomba miteremkoni mwake, na jina lake ni la huku huku. Meru ninaouzungumzia ni jina la Kisanskriti, na mlima wenyewe haumo katika ramani ya serikali yoyote. Majina yamefanana tu, kama akina Juma wawili wasio ndugu.

Basi huo Meru mwingine uko wapi? Uko katikati. Vitabu vya Kihindu viitwavyo Purana vinasema ni mlima wa dhahabu, yojana 84,000 juu ya ardhi, na yojana 16,000 zimezama chini kama mzizi. Yojana moja ni kilomita kadhaa, kwa hiyo msitafute kalamu. La kushangaza ni umbo lake. Kitako chake kina upana wa yojana 16,000, kilele 32,000. Milima tunayoijua huchongoka juu. Huu hufunguka juu, kama yungiyungi, na juu yake umejengwa mji wa Brahma, mungu muumba.

Bara linaloukumbatia mlima huo linaitwa Jambudvipa. Dvipa ni kisiwa. Na jambu? Jambu ni mti, na wengi huutambua kuwa ni mzambarau. Mzambarau huu huu wa Tanga na Mombasa! Ule ambao utotoni tulikula matunda yake kwa kujificha, tukarudi nyumbani na ulimi umebadilika rangi, mama akaangalia mara moja tu akajua tulikokuwa. Sasa Purana zinasema mzambarau wa kule huzaa matunda makubwa kama tembo. Yakiiva huanguka juu ya mlima yakapasuka, na maji yake hutiririka yakawa mto. Udongo wa kingo za mto huo ukilowa maji ya zambarau, kisha ukakaushwa na upepo, hugeuka dhahabu. Kwa hiyo, ndugu zangu, katika ramani hiyo binadamu tunaishi Kisiwa cha Mzambarau.

Kisiwa hicho kimezungukwa na bahari ya chumvi, ambayo tunaijua. Kisha bara lingine la mviringo kama pete, na bahari ya maji ya miwa. Kisha bara, na bahari ya mvinyo. Bara, na bahari ya samli. Bara, na bahari ya mtindi. Bara, na bahari ya maziwa. Bara, na mwisho kabisa bahari ya maji matamu. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza niliichukulia kuwa ngano ya kufurahishia watoto. Leo siioni hivyo. Walioichora ramani ile waliujua vizuri ukubwa wa ulimwengu, ndiyo maana wakazitaja zile yojana kwa maelfu. Kisha wakaujaza ulimwengu huo vitu vya jikoni kwa mama, ili hata bibi kizee asiyewahi kuvuka mto wa kijiji chao aweze kuushika kichwani.

Wabudha waliupokea mlima huo, wakauita Sumeru, au Sineru kwa lugha ya Kipali, na wakauchora kwa namna yao. Mwanachuoni wao Vasubandhu, aliyeishi India yapata miaka 1,600 iliyopita, anaeleza kwamba Sumeru umesimama baharini, yojana 80,000 chini ya maji na 80,000 juu yake. Pande zake ni nne na kila upande una kito chake. Kaskazini dhahabu. Mashariki fedha. Magharibi fuwele. Kusini jiwe la buluu. Na sisi binadamu tunakaa kusini. Sasa nawauliza: kwa nini mbingu yetu ni ya buluu? Kwa sababu mwanga wa upande ule wa mlima ndio unaotujia. Mlima hujauona, lakini rangi yake unaiona kila asubuhi ukitoka uani kupiga mswaki. Na usiku? Jua limezunguka, limekwenda nyuma ya mlima.

Kuna kisa kimoja cha Sumeru ninachokipenda kuliko vyote. Mama yake Buddha, Maya, alifariki siku saba baada ya kujifungua. Mtoto akakua bila kumjua mama, akaacha ufalme, akapata nuru, akafundisha watu wengi. Lakini mama hakuwahi kusikia mafundisho ya mwanawe hata neno moja. Basi wanasema mwaka mmoja, msimu wa mvua, Buddha alipiga hatua tatu tu, akafika kilele cha Sumeru, kwenye mbingu ya miungu thelathini na watatu. Alikaa huko miezi mitatu, mama yake ameketi mbele, akimfundisha. Alishukia Sankassa, kaskazini mwa India, kwa ngazi ya vito, ngazi ya dhahabu na ngazi ya fedha zikiwa pembeni. Mahali hapo mahujaji huenda mpaka leo. Mtu akiniuliza mlima ule mrefu namna ile ulikuwa na kazi gani, namjibu: uliwakutanisha mama na mwanawe.

Sasa twende kwenye milima inayotembea.

Zamani, wanasema, milima ilikuwa na mabawa. Iliruka ilikotaka na kutua ilipotaka, na viumbe waliokuwa chini waliishi kwa hofu. Indra, mungu wa radi, akayakata mabawa yake. Mabawa yakageuka mawingu, na ndiyo maana mawingu hayaachi kurudi mlimani. Nyie wa Arusha mnalijua hilo. Saa ngapi za asubuhi Meru wetu hukaa bila wingu lake? Mlima mmoja tu uliokoka. Uliitwa Mainaka. Upepo aliusukuma hadi baharini, ukajificha chini ya maji. Miaka mingi baadaye Hanuman, nyani mwana wa Upepo, alikuwa akiruka juu ya bahari hiyo kwenda Lanka kumtafuta Sita, malkia aliyetekwa. Mainaka ukainuka kutoka majini ukamwambia: tua upumzike, baba yako aliniokoa. Mlima unakumbuka fadhila.

Mlima Mandara nao uling'olewa, miungu na mahasimu wao walipotaka kupekecha bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Mandara ukawa upekecho. Nyoka Vasuki akawa kamba, hawa wakivuta upande huu, wale upande ule. Upekecho ukaanza kuzama, na mungu Vishnu akajigeuza kobe, akaubeba mgongoni. Kabla ya kitu chochote kizuri, ikatoka sumu. Mungu Shiva akainywa, akaizuia kooni, na koo lake likawa buluu hadi leo. Kisa hicho kimechongwa kwenye ukuta wa hekalu la Angkor Wat, nchini Kambodia, mchongo mmoja wenye urefu wa karibu mita 50. Na Angkor Wat lenyewe, lililojengwa na Mfalme Suryavarman wa Pili katika karne ya 12, ni Meru. Minara yake mitano ni vilele vitano. Handaki la maji linalolizunguka, lenye upana wa karibu mita 190, ndiyo bahari.

Wajava wa Indonesia wanasimulia jinsi walivyopata wa kwao. Kisiwa chao, kinasema kitabu chao cha kale, kilikuwa kikitikisika ovyo kama mtumbwi usio na shehena. Miungu wakakata shauri kuuhamisha Mahameru, yaani Meru Mkuu, kutoka India. Wakautua magharibi mwa kisiwa. Mashariki kukainuka juu! Wakaubeba tena kuelekea mashariki, na njiani vipande vikawa vinadondoka, kila kipande kikawa mlima. Ndiyo ile safu ya milima ya volkano ya Java, na mrefu kuliko yote, wenye mita 3,676, unaitwa Semeru. Mpaka leo unatoa moshi.

Lakini niwaambie ni wapi niliposhangaa zaidi. Ellora, magharibi mwa India, kuna hekalu linaloitwa Kailasa, kwa jina la Kailash, mlima wa Shiva, la karne ya 8, enzi za Mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Hekalu hilo halikujengwa. Wachongaji walisimama juu ya jabali, wakaanza na kilele, wakashuka wakichonga, paa kwanza, nguzo baadaye, sakafu mwisho. Hakuna jiwe lililoletwa. Walichofanya ni kuondoa kila kisichokuwa Kailash. Na upande wa kusini, chini, wamemchonga Ravana, mfalme wa Lanka, aliyetaka kuung'oa mlima wa Shiva kwa majivuno. Mikono yake mingi imeushika mlima kwa chini. Juu, Parvati ameshtuka, ameung'ang'ania mkono wa mumewe. Shiva hata hajageuka. Ameukandamiza mlima kwa kidole cha mguu, na Ravana amebanwa. Tazameni jambo hili: mlima huo huo aliotaka kuubeba mwenye kiburi, wachongaji kwa subira ya nyundo na tindo waliupata.

Na si lazima uwe mfalme. Wabudha wa Tibet hutoa sadaka ya ulimwengu mzima kwenye sahani. Huchukua mchele, wakaweka fungu katikati: Sumeru. Fungu mbele, fungu nyuma, moja kulia, moja kushoto: mabara manne. Huongeza jua, huongeza mwezi. Huinua sahani, husema maneno yao, kisha humwaga mchele na kuanza upya. Mlima wa yojana 80,000 umeenea mikononi mwa bibi mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki mlima huo umefika pia. Mnara mrefu wa hekalu la Kihindu huitwa shikhara, na maana yake ni kilele cha mlima. Waliokwenda Nairobi wameliona lile hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, kwenye barabara ambayo siku hizi ina jina la Profesa Wangari Maathai. Mawe yake yalichongwa India, yakaletwa kwa meli. Nasi tunasema milima haivuki bahari!

Siku moja baada ya Diwali, humo na katika mahekalu mengi ya Kigujarati, hupangwa Annakut, yaani mlima wa chakula. Nilialikwa mara moja. Ngazi kwa ngazi, kutoka sakafuni hadi mbele ya sanamu: wali, bajia, ladu, jalebi, chevda, matunda, mboga za kila namna. Mwenyeji wangu, mzee mmoja aliyezaliwa Mwanza, alinisimulia asili yake. Wachunga ng'ombe wa Vrindavan, huko India, walizoea kumtolea Indra sadaka ili mvua inyeshe. Mungu Krishna, akiwa bado kijana, akawauliza: anayewapa majani ya ng'ombe wenu ni nani? Si kilima hiki cha Govardhan? Basi kishukuruni kilima. Wakafanya hivyo. Indra akakasirika, akamwaga mvua ya gharika. Krishna akakiinua kilima kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, watu wakaingia chini yake na ng'ombe wao, siku saba, kama watu chini ya mwavuli. Govardhan ni kilima kifupi sana. Ukikiona unaweza kukipita bila kusimama. Mahujaji hukizunguka kwa miguu, kilomita 21. Husema kinapungua kila siku kwa kiasi cha punje moja ya haradali.

Sasa mtaniuliza, kama milima yote husogea, upo usiosogea? Upo. Kailash, huko Tibet, mita 6,638. Kwa Wahindu ni makao ya Shiva na Parvati. Kwa Wabudha wa Tibet ni makao ya mungu wao Demchok. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wanasema mwalimu wao wa kwanza, Rishabhanatha, alikombolewa hapo. Wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, wanauhesabu kuwa roho ya nchi yao. Dini nne, mlima mmoja, na hakuna rekodi ya mtu yeyote kusimama kileleni. Unazungukwa tu. Waislamu mlioko humu mnaijua maana ya kuzunguka. Njia ni kilomita 52, na mahali pa juu kabisa, Drolma La, ni zaidi ya mita 5,600. Wagumu wetu mnaobeba mizigo Kilimanjaro, nyinyi mnajua hewa ya huko juu ilivyo. Hapo ni chini kidogo tu ya Uhuru. Wapo wanaouzunguka kwa kulala kifudifudi: hunyoosha mikono, husimama pale vidole vilipofika, hulala tena. Hutumia wiki kadhaa. Wahindu na Wabudha huzunguka mlima ukiwa kulia kwao. Wa Bon huzunguka kinyume. Kwa hiyo hukutana njiani uso kwa uso.

Tarehe 25 Mei 1955, Waingereza wawili, Joe Brown na George Band, walifika juu ya Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, ulio mtakatifu kwa watu wa Sikkim, huko Himalaya. Kiongozi wao alikuwa amemwahidi mtawala wa Sikkim kwamba kilele hakitakanyagwa. Wakasimama hatua chache chini ya theluji ya mwisho. Wakageuka. Hapakuwa na shahidi yeyote, ndugu zangu. Wangeweza kukanyaga. Ninakiheshimu kitendo hicho kuliko bendera zote zilizowahi kuchomekwa juu ya milima.

Na kuna mlima ambao wote hupanda. Mimi nimeupanda. Ni Sri Pada, kisiwani Sri Lanka, mita 2,243. Jina lake maana yake ni Unyayo Mtukufu, kwa kuwa kileleni kuna alama ya unyayo kwenye mwamba. Wabudha husema ni wa Buddha. Wahindu husema ni wa Shiva. Waislamu, na Wakristo wengine pia, husema ni wa baba yetu Adamu. Msafiri Ibn Battuta, huyu huyu aliyetia nanga Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda miaka kama kumi na mitatu baadaye. Alisema aliuona kutoka baharini akiwa bado safari ya siku tisa, kama nguzo ya moshi. Unyayo aliupima shibiri kumi na moja. Na minyororo ya kupandia aliihesabu kumi. Wa mwisho unaitwa mnyororo wa shahada, kwa sababu ukifika hapo ukatazama chini, ulimi wenyewe unatamka.

Siku hizi kuna ngazi, zaidi ya 5,000. Watu hupanda usiku ili wakute macheo. Nilianza saa nane usiku. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja, nguo nyeupe, miguu mitupu, wajukuu wawili wamemshika makwapani. Kila ngazi kumi anapumzika, kila akipumzika anaimba, na walio nyuma wanamwitikia. Kuna mahali ambapo, wanasema, Buddha aliketi kushona joho lake lililochanika. Hapo mahujaji hutunga uzi mweupe kwenye sindano, wakaufungua wakiendelea kupanda. Yule bibi hakuweza kutunga; mikono ilitetemeka kwa baridi. Mjukuu akamtungia, naye akaushika uzi kwa vidole viwili, akapanda nao. Alfajiri njia nzima ilikuwa na nyuzi nyeupe kando, maelfu, kama utando wa buibui wenye umande. Juu kuna kengele. Unaigonga mara moja kwa kila safari uliyowahi kupanda. Mimi niligonga moja. Yeye aligonga, akagonga, akagonga, nikapoteza hesabu. Jua lilipochomoza, kivuli cha mlima kilianguka upande wa pili juu ya ukungu, pembetatu iliyonyooka kabisa, halafu kikawa kinatujia polepole mpaka kikaisha miguuni petu.

Niliahidi milima inayokutana.

Buddha alifundisha kwamba hata Sumeru utakwisha. Zitakuja siku ambapo jua la pili litatokea, na la tatu, mpaka la saba, na mlima ule utawaka usibakize jivu wala masizi, kama samli inapoungua. Hiyo ni habari ya mbali. Ya karibu alimwambia Mfalme Pasenadi wa Kosala, ufalme wa kale wa India.

Mfalme alikuja mchana kweupe. Buddha akamuuliza: unatoka wapi saa hizi, ee mfalme mkuu? Akajibu: nilikuwa katika shughuli za wafalme, za utawala na mali. Buddha akamuuliza: je, akija mtu wako mwaminifu kutoka mashariki akakwambia, bwana wangu, nimeuona mlima mrefu kufika mbinguni, unakuja, unasaga kila kiumbe kilicho mbele yake? Akija wa pili kutoka magharibi na habari hiyo hiyo? Wa tatu kutoka kaskazini? Wa nne kutoka kusini? Milima minne, inakuja pamoja, na kuzaliwa binadamu si jambo jepesi. Ungefanya nini?

Mfalme akasema: ningefanya nini tena, isipokuwa kuishi kwa haki na kutenda mema?

Buddha akasema: basi nakwambia, ee mfalme, uzee na mauti vinakujia.

Mfalme akaanza kuhesabu alivyo navyo. Nina vikosi vya tembo, akasema, lakini hapo havina nafasi. Nina wapanda farasi, magari ya vita, askari wa miguu. Havina nafasi. Nina mawaziri wanaojua kuwagawanya maadui kwa maneno. Nina dhahabu ya kutosha kuwanunua. Hapo havina nafasi. Uzee na mauti vinaponijia, kimebaki nini, isipokuwa kuishi kwa haki na kutenda mema?

Buddha akamjibu: ndivyo, mfalme mkuu. Ndivyo.

Asanteni sana.